Visu vya mpishi, panga la Mzee na safari ya Leicester

Swali: "Habari Wakili. Mimi ni mpishi katika hoteli moja hapa Kisumu. Kakangu anaoa Leicester, Uingereza, na ameniomba niende nimpikie siku ya harusi. Visa ya kutembea nimeshapata, na nitapitia Nairobi na Doha. Nina visu vyangu vitano ninavyovikunja kwenye kitambaa, kisu kidogo cha kukunja ambacho hakitoki kwenye mkoba wangu, na Mzee amenipa panga nimpelekee kaka alimie bustani. Wengine wananiambia kisu chochote Uingereza ni jela. Wengine wanasema ni vya kazi, havina shida. Nibebe kipi, niache kipi? Na jiwe langu la kunolea je?"

Jibu:

Dadangu, umevitaja hivyo vitano kwanza, lakini kilichonishtua mimi ni kile kidogo kisichotoka kwenye mkoba. Vitano vina kazi yake na vina pa kukaa. Panga lina mwenyewe. Hicho cha kukunja ndicho kinachowafikisha watu wetu mbele ya polisi kule, kwa sababu mwenyewe huwa ameshasahau kwamba anacho.

Kabla hatujakifikia, kuna jambo moja ambalo majibu yote yanatoka humo. Pita Muhoroni au Chemelil alfajiri wakati wa kukata miwa. Utapishana na wanaume kumi barabarani, kila mmoja na panga mkononi, na hakuna anayegeuza shingo. Nenda Obunga kwa akina mama wanaokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, visu viko juu ya meza, juu ya ndoo, mkononi mwa mtoto aliyetumwa kwa jirani. Sheria yetu imezoea mandhari hayo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haikuulizi kisu chako kina urefu gani. Kifungu cha 89 kinamshika mtu aliye na silaha bila sababu ya maana, katika mazingira yanayoonyesha kwamba anataka kuitumia kuvuruga amani au ametoka kuitumia hivyo. Kifungu cha 308 kinamshika aliyejihami kwa nia ya kutenda kosa kubwa. Vyote viwili ni miaka 7 hadi 15, si mzaha. Lakini tazama vinapoanzia: vinaanza na mtu, saa na mahali. Kisu chenyewe hakina neno mpaka upande wa mashtaka uonyeshe ulikuwa unakwenda kukifanyia nini.

Uingereza wamelipindua hilo. Kifungu cha 139 cha Sheria ya Haki ya Jinai ya 1988 kinasema kwamba kuwa na kitu chenye makali au ncha kali mahali pa umma ni kosa. Nukta. Hawahitaji kuthibitisha kwamba ulitaka kumdhuru mtu. Ukishakutwa nacho, kazi inahamia kwako: wewe ndiye wa kuishawishi mahakama kwamba ulikuwa na sababu nzuri, na ukishindwa, kifungo kinaweza kufika miaka 4. Ndiyo maana wanaokwambia "ni vya kazi, havina shida" wanaisoma sheria ya kule kwa miwani ya huku. Wale wanaosema kila kisu ni jela nao wametia chumvi, maana sababu nzuri zipo na sheria yenyewe inazitaja: kazi, dini, na vazi la taifa.

Watu hunitegemea niseme kwamba sheria ya wenzetu ni katili. Sisemi. Nimewahi kumtetea muuza miwa aliyekamatwa siku ya maandamano akiwa na kisu chake cha kumenyea, mkokoteni wenye miwa ukiwa hatua tatu kutoka aliposimama. Kituo kilichomshika kiliona kisu, hakikuona mkokoteni. Tulihangaika miezi kadhaa na hilo neno "mazingira", ambalo kila mtu hulisoma anavyotaka. Sheria yenye kipimo cha rula ni ngumu, lakini angalau unaweza kuipima ukiwa kwako sebuleni kabla hujapanda ndege.

Basi chukua rula.

Kile kifungu cha 139 kinaacha nje kisu cha kukunja cha mfukoni ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kinachopimwa ni makali, ile sehemu inayokata. Kisu cha namna hiyo unaweza kutembea nacho kule bila kueleza sababu, ilmradi usikitolee mtu kwa vitisho na usiingie nacho mahali palipokatazwa. Ila pana mtego ambao rula haiuoni. Kisu chenye kifungio, yaani ambacho ukikifungua bapa lake linakaza na halirudi mpaka ubonyeze kitu au usukume kichuma, hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja hata kama kina inchi 2. Mahakama zao zilisema hivyo katika kesi ya Harris mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo katika kesi ya Deegan mwaka 1998. Kwa macho ya sheria, kikishafunguka na kukaza, hicho ni sawa na kisu cha jikoni.

Namna ya kukijua chako ni rahisi. Kifungue. Kishike mpini kwa mkono mmoja, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, kisha tumia kidole gumba cha mkono wa pili kusukuma mgongo wa bapa polepole kuelekea kwenye mpini. Likilegea na kuanza kujikunja, hakina kifungio. Likikataa, likasimama kama msumari, kina kifungio.

Nimelijua jaribio hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa masomo kule kaskazini mwa Uingereza, sisi wanafunzi tulikuwa tunakwenda kusikiliza kesi mahakamani. Nilikuwa na kisu nilichopewa na mjomba wangu, mvuvi, chenye mpini wa mbao uliolainika kwa mafuta ya samaki. Langoni nikatoa simu, funguo na sarafu, nikaweka kwenye trei. Kisu kilikuwa ndani ya mfuko mdogo wa begi, wala sikukikumbuka. Mlinzi akaiona picha kwenye kioo, akakichomoa, akakifungua: tak. Akasukuma mgongo wa bapa kwa gumba, nalo halikutikisika. Sura yake ikabadilika pale pale. Akaitwa polisi, naye akaniuliza kwa upole kabisa nimekibebea nini. Nikamwambia cha kumenyea machungwa. Akaangalia ndani ya begi, akaniuliza, "Una chungwa leo?" Sikuwa nalo. Nilikuwa na kitabu cha sheria ya jinai.

Aliamua kuniachia. Nilitia saini karatasi ya kukisalimisha, nikarudi bwenini bila kisu cha mjomba, na mpaka leo sijamwambia kilikokwenda. Angeweza kunishtaki, na "nilisahau" isingenifaa kitu. Katika kesi moja ya 1993, ya bwana aitwaye Gregson, mshtakiwa alikuwa amekitumia kisu kazini kwa haki kabisa, siku sita kabla, kikabaki mfukoni mwa jinzi akakisahau. Mahakama ilisema kusahau peke yake si sababu nzuri. Sababu aliyokuwa nayo siku ya kazi haikumfuata mpaka siku aliyokamatwa.

Kwa hiyo hicho chako, dadangu, kikikaza, kiache Kisumu. Kisipokaza na makali yakawa chini ya inchi 3, kiweke kwenye sanduku la chini, lakini bado ningekushauri ukiache. Umesema mwenyewe hakitoki kwenye mkoba, na mkoba huo ndio utakaoingia nao kwenye ndege. Usiku wa kuamkia safari, ugeuze huo mkoba juu chini kitandani, uukung'ute kila mfuko. Wembe, kizibuo cha chupa chenye kikato, mkasi mrefu, vyote vitoke.

Na kama ni moja ya vile vinavyouzwa Kibuye kwenye meza za tochi na betri, vya kubonyeza kitufe kikaruka wazi chenyewe, hapo hatuzungumzii urefu wala sababu tena. Visu vya kufyatuka vimepigwa marufuku kuingizwa na kuuzwa Uingereza tangu Sheria ya 1959, na kuanzia Julai 2021 kuwa navyo hata ndani ya nyumba ni kosa. Vile unavyovianzisha kwa kidole, kisha springi ikamalizia, navyo vimeingizwa humo. Katika fungu hilo la vitu visivyotakiwa kabisa weka pia visu vilivyojificha: cha umbo la kadi ya benki, cha kwenye bizimu ya mkanda, bakora yenye upanga ndani.

Utasikia pia mtu akikwambia ujibu "ni cha kujilinda tu". Hilo ndilo jibu baya kuliko yote. Huku kwetu mama akisema anabeba kitu cha kujilinda usiku, watu humhurumia. Kule, kusema umebeba kisu kwa ajili ya kujilinda ni kukiri kwamba ulikibeba kiwe silaha, na umeondoka kwenye kosa la kisu ukaingia kwenye kosa la silaha. Na maadamu nimeligusa hilo: ile dawa ya kupulizia macho ambayo dada wengi wa Nairobi na Kisumu huiweka kwenye mkoba, itoe. Sheria ya Uingereza ya Silaha za Moto ya 1968 inaiweka katika kundi moja na bunduki zilizopigwa marufuku. Sijatania.

Sasa visu vyako vitano. Nadhani kitambaani mna kisu kikubwa cha mpishi, cha mkate, cha kutolea mifupa, cha fileti, na kile kifupi cha kumenyea. Vyote vinaruhusiwa kusafiri, kwa sharti kwamba viko kwenye sanduku unalolikabidhi kaunta, wala si mzigo wa mkononi. Viwanja vingi vya ndege duniani vinatumia kipimo cha sentimita 6 kwa vitu vya makali ndani ya ndege, lakini usianze kubishana sentimita na mtu wa ukaguzi. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho, na kisu kilichoachwa kwenye ndoo yao hakirudi. Doha mzigo wa mkononi utapitishwa tena kwenye mashine, hata kama Nairobi waliupitisha.

Kisumu mabegi hukaguliwa na mapema. Mwambie afisa kabla sanduku halijaingia kwenye mashine: humu mna visu vya jikoni. Sentensi hiyo moja huokoa dakika ishirini. Kila bapa livishe kipande cha boksi gumu, ukunje na kufunga kwa utepe, kisha viingie kwenye kitambaa chako, na kitambaa kikae katikati ya nguo. Hiyo si heshima tu. Yuko mtu atakayefungua sanduku lako hujui wapi na kuingiza mkono, na mkono huo hauna kosa lolote. Kama tiketi ya Kisumu kwenda Nairobi umeinunua kivyake, sanduku litatolewa Nairobi nawe utalikabidhi upya. Hapo katikati usianze kuhamisha vitu kutoka sanduku kwenda mkoba ili kupunguza kilo. Nimeona wapishi na mafundi cherehani wakinaswa kwenye zoezi hilo hilo la kuhamisha vitu sakafuni, jasho likiwatoka na foleni ikiwangojea.

Lakini swali ambalo hukuuliza ndilo linalonikosesha raha. Visa yako ni ya kutembea. Inakuruhusu kukaa hadi miezi 6, na haikuruhusu kufanya kazi, iwe ya kulipwa au ya bure kwa ajili ya biashara ya mtu. Sasa jiweke kwenye dirisha la uhamiaji. Afisa anauliza unakuja kufanya nini, unasema kumwona kaka. Unafanya kazi gani? Mpishi. Kisha forodha wanafungua sanduku na kukuta seti kamili ya mpishi, aproni na pengine koti jeupe lenye jina la hoteli. Wewe unaona vifaa vyako. Yeye anaona mtu aliyekuja kufanya kazi jikoni mwa mtu. Na ukikimbilia lile jibu ulilofundishwa, "ni vya kazi," umejitetea kwenye sheria ya visu na kujifunga kwenye sheria ya uhamiaji kwa pumzi moja.

Kumpikia kakako kwenye harusi yake si ajira, ni undugu. Sema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Ila hakikisha ni kweli. Kama kuna shemeji mwenye kampuni ya kupikia sherehe na mpango ni umsaidie "siku mbili tatu" baada ya harusi, mimi siwezi kukusaidia kuupaka rangi mpango huo, na nakuomba usiende nao. Kama ni harusi tu, beba kadi ya mwaliko na barua fupi ya kaka inayosema wewe ni dada wa bwana harusi na utapika. Aproni yenye jina la hoteli ibaki.

Tena, kwa ushauri wangu, usibebe vitano. Beba viwili. Najua mpishi na kisu chake, mkono umeshazoea uzito. Basi chukua kile kikubwa na kile cha fileti, kwa maana nyama na samaki ndizo kazi zako za siku hiyo. Cha mkate na cha kumenyea vitapatikana jikoni kwa kaka, na vya dukani kule si ghali, ila muuzaji atataka kuwa na hakika kwamba umetimiza miaka 18, maana hawaruhusiwi kumuuzia mdogo wa hapo. Visu viwili vilivyofungwa vizuri ni zawadi ya dada. Seti nzima inahitaji maelezo.

Ukishatoka uwanjani, kumbuka kwamba barabara, basi, treni na hata gari la kaka likiwa barabarani vinahesabika kuwa mahali pa umma. Kusafirisha kisu kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumbani ndani ya sanduku lililofungwa ni sababu nzuri, hakuna atakayekusumbua kwa hilo. Nyumbani kwa kaka, jikoni, katakata utakavyo, pale si mahali pa umma. Siku ya harusi peleka visu moja kwa moja ukumbini, vikiwa vimekunjwa na kufungwa, ndani ya begi ambalo huwezi kuvitoa kwa sekunde moja. Ukimaliza kupika, vioshe, vifunge, virudi nyumbani na mtu anayerudi nyumbani. Usiende navyo dansi. Usipitie navyo dukani. Sababu yako ni kupika harusi, na sababu hiyo inaisha pale sufuria zinapopakuliwa. Mpishi aliyekutwa na kisu saa nne usiku akitoka baa hana tofauti na yule bwana Gregson wa siku sita.

Unaweza kuona kule mzee wa Kisikh barabarani na kirpani, kile kisu cha dini yao, chini ya koti lake, ukajiuliza mbona yeye haulizwi. Leicester ina Wahindi wengi waliotoka kwetu Afrika Mashariki, Kenya na Uganda, hasa waliohama mwishoni mwa miaka ya 1960 na baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, kwa hiyo usishangae ukiamkiwa kwa Kiswahili sokoni. Kirpani inaingia kwenye ile sababu ya dini. Na Mskochi aliyevaa sketi yake na kisu kidogo ndani ya soksi anaingia kwenye ile ya vazi la taifa. Kuna kijana aliwahi kuniuliza kama angevaa mavazi ya mzee wa Kijaluo na simi kiunoni kwenye harusi ya namna hiyo angehesabiwa. Ni hoja tamu kuijenga mahakamani. Sitaki iwe wewe ndiye wa kuijaribu.

Panga la Mzee. Tangu tarehe 24 Septemba 2024, Uingereza na Wales wamepiga marufuku kuwa na aina fulani ya mapanga, hata nyumbani. Marufuku hiyo inalenga panga lenye bapa la zaidi ya inchi 8, lenye makali na ncha kali, ambalo juu ya hayo lina meno, au miiba, au tundu zaidi ya moja kwenye bapa, au ncha kali zaidi ya mbili. Ni yale mapanga ya sinema, yaliyochongwa ili yatishe. Panga la kawaida la kulimia, bapa tupu lenye mgongo mnene na kichwa kipana, halimo. Mzee hajakupa kitu haramu.

Hata hivyo nakwambia uliache. Afisa wa forodha atalipima, atalihesabu matundu, atamwita mwenzake, na muda wote huo wewe umesimama na visu viwili vya jikoni na visa ya kutembea. Na tuseme limepita. Kaka atalifanyia nini? Bustani ya nyumba ya mjini kule ni majani ya ukubwa wa chumba na waridi matatu. Siku atakapolibeba kutoka nyumbani kwenda kwenye shamba dogo la kukodi, panga wazi mkononi kama yuko Ahero, jirani atapiga simu na polisi watakuja wengi. Mwambie Mzee ukweli, kwamba panga ni la ardhi inayolijua. Ampelekee mwanawe kitu kingine. Kibuyu, kiti cha miguu mitatu, njugu. Rungu la kuchonga lisiwe hicho kitu kingine. Ukutani ni pambo, lakini barabarani nalo huulizwa sababu.

Ikitokea umesimamishwa, polisi wa kule mara nyingi huanza kwa kuuliza kama una kitu chochote kinachoweza kumjeruhi. Jibu kabla hajaanza kupekua, sema kiko wapi, na usikipeleke mkono ili umwonyeshe. Mwache akitoe mwenyewe. Ukipelekwa kituoni una haki ya wakili wa bure, mwombe, na ngoja afike hata kama wanakwambia mambo yataisha haraka ukikubali onyo tu. Onyo lao rasmi ni kukiri kosa, linaandikwa, na utakutana nalo siku ukiomba visa nyingine. Una haki pia ya ubalozi kuarifiwa, kwa mujibu wa Mkataba wa Vienna wa 1963, na Ubalozi wa Kenya uko London.

Kwa wasomaji wengine mnaokwenda kwingineko, haya niliyoyasema ni ya Uingereza, msiyabebe mpaka Berlin. Ujerumani hutazama kama kisu kinafunguka kwa mkono mmoja na kukaza, na kwa kisu kisichokunjika kipimo ni sentimita 12. Tangu mwisho wa Oktoba 2024 wameongeza marufuku kwenye sherehe za umma na treni za masafa marefu. Japani mpaka ni sentimita 6, na hata chini ya hapo wanaweza kukuuliza. Marekani kila jimbo lina yake, na kwenye majengo ya serikali kuu kisu cha mfukoni chenye bapa la inchi 2.5 au zaidi hakiingii. Doha usilale nje ya uwanja ukiwa na sanduku la visu kama huna haja.

Na jiwe la kunolea, libebe. Halina makali, halina sheria. Lifunge kwenye taulo liingie sanduku la chini, maana ni zito, na kwenye mashine huonekana kama tofali jeusi lisiloeleweka. Ukilitia mkononi watalitoa walichunguze. Ukifika lioshe, uliweke mezani jikoni kwa kaka kabla hata hujafungua zawadi. Nimekaa kwenye nyumba za Wakenya kule, na sijawahi kukuta kisu kinachokata nyanya bila kuiponda.